Tududu mu Basini, na Kinywa Yangu Yenye Balijenga Upya

Bamama, nianze na ulizo: ninyi wenye munachekaka na kikwembe, ile kitenge, ku kinywa, munamufichaka nani? Mungu alisha ona. Bwana yako alisha ona. Sasa bado nani? Mushushe hiyo bikwembe. Nasema na weye pia, pale nyuma karibu ya ngoma. Shusha, tuonane.

Mie nilifunika kinywa miaka na miaka. Nilifunika mpaka mukono ikazoea njia: nikisikia tu muntu anaanza kusema kitu ya kuchekesha, mukono inapanda yenyewe. Leo muangalie. Mukono iko wapi? Iko huku ku kiuno. Haya.

Pasta alinipatia dakika kidogo ya ushuhuda. Pasta, unanijua. Wenye wako na njaa bananijua pia. Mukae.

Bandugu, bantu bengi banakuyaka hapa mbele na machozi, na ni muzuri, Mungu anabasikia. Mie nilikuya na kasirani. Nilimuomba Mungu anitoshee, aniondolee, hii kasirani na mpaka leo hakuitosha. Nafikiri anataka ifanye kazi kwanza.

Ilianza na jino moja ya nyuma, huku chini. Ilikuwa inauma kama nakunywa maziwa ya baridi. Nikaanza kutafunia upande ingine. Kisha ile upande ingine nayo ikaanza. Mie nakamua ng'ombe, natengeneza fromaje, ile jibini yetu, siwezi kulala ku kitanda juu ya jino. Nikamuambia kijana yangu, ule mukubwa, wenye anauzishaka ng'ombe. Akaniambia, «Mama, ni uzee.» Nikaambia bamama ya chorale, wenye tunaimba nabo hapa kanisani. Balicheka, ati koko, nyanya wa bajukuu, weye na miaka yako yote, meno ya nini tena, si bugali iko laini. Munakumbuka? Muko hapa. Naona munaangalia chini. Munaweza kuangalia juu, niliisha kubasamehe, lakini nilitaka kwanza nibagombeze.

Ng'ombe ya muntu ikikataa kula majani, saa ile ile batamutafuta veterineri, dokta wa ng'ombe, batapiga simu mpaka Sake, moto, ile pikipiki, itatumwa. Mama akikataa kula mahindi, banasema ni uzee. Hapa kwetu Mushaki hakuna mwanaume mwenye anaweza kununua ng'ombe bila kufungula kinywa yake na kuhesabu meno. Anashika mudomo, anageuza, anaangalia, anasema hii iliisha zeeka, hii bado. Na ya mama yake, hajaiangaliaka hata siku moja.

Sasa njo akaingia ule bwana. Jina yake sitaitaja. Hata sijui kama ile jina yenye alikuwa anatuambia ilikuwa yake. Alikuwa anakuya siku ya soko, na koti nyeupe, anakaa karibu ya penye banauzisha shu, zile kabichi. Alikuwa na mbabula, ile jiko ya makala, basini ya maji, na kasaki ka mbegu. Ni mbegu ya ile matunda ya miba, ya rangi ya njano, jina yake ntobo, inaota yenyewe ku lupango, boma ya ng'ombe. Anachanganya mbegu na mafuta ya ng'ombe, anaitia ku makala kandokando ya basini, moshi inapanda. Weye unainama juu ya basini, banakufunika na kikwembe, unafungua kinywa, moshi inaingia. Unakohoa mpaka machozi. Kisha anatosha kikwembe, na mu maji unaona tududu. Tweupe, tudogo, tunaelea. Bantu bote banasema eee. Anakuambia, «Angalia, mama, njo hatu tulikuwa tunakukula.»

Mutaniambia nini? Niliona na macho yangu.

Na kusema kweli, ile maumivu ilikuwa inatulia siku moja, mbili. Kisha inarudi. Narudi ku soko. Anasema kadudu kamoja kalibakia, kalihamia ku jino ya karibu, sasa hiyo jino itoke. Ananitosha jino na pensi, koleo ya fundi, anasukutulisha na munyu. Soko ingine: kalihama tena. Ile kadudu ilikuwa inahamahama kuliko sisi, na sisi tunajuaka kuhama. Mpaka mbele, huku juu, ikabaki ufa yenye unaweza kupitisha kidole. Huku chini meno ikalala upande. Mashavu ikaingia ndani. Nikiangalia mu kioo naona mama yangu siku alikuwa anakufa.

Na hadisi ikaisha. Munanijua, mie ni muntu wa hadisi. Batoto ya hii kijiji yote balilalaka na hadisi yangu, hata weye Pasta. Sasa nikianza kusimulia, mate inaruka, maneno inatoka sawa upepo, na batoto banacheka. Hawacheki hadisi, banacheka kinywa. Nikaanza kubaambia kichwa inauma. Mwisho hakuna mwenye alikuya tena kuniomba.

Sasa musikie mahali ilinikata. Mujukuu wangu, huyu binti nililea, alipata muchumba, kijana wa Ntoto, kule Walikale, anauzisha mafuta ya ngazi, ya mawese. Na munajua desturi ya kwetu. Siku ya kupeleka binti, koko yake njo anasimama mbele ya bakwe na kumusimulia: vile alizaliwa, ni ng'ombe gani tulikuwa tunakamua ile wakati, ni ujinga gani alifanya mu utoto. Bantu banacheka, binti anaficha uso, njo anaenda. Binti mwenye koko yake hakumusimulia anaenda sawa muntu mwenye hana kwao. Mie nitasimama na kinywa gani? Nikamuambia tantine yake, shangazi wake, amusimulie pa nafasi yangu. Binti akasikia. Akaniambia, «Koko, kama si weye, basi bakuye banichukue mu kimya.»

Nikaenda kwa ule bwana. Nikamuambia nataka kinywa muzima mbele siku ya ndoa haijafika. Akafurahi sana. Akasema, «Mama, njo vile bazungu banafanyaka. Natosha yote yenye ilibakia, muzuri na mubaya, na siku ile ile nabandika mapya. Asubui unaingia muzee, magaribi unatoka binti.» Nikamuuliza kama haitauma. Akasema maumivu ya siku moja. Nikamuuliza kama itashika juu ya nini, kama anatosha yote. Akasema ni siri ya kazi yake. Nikakubali. Tukapanga soko yenye inafuata.

Katikati ya ile juma maumivu ikanishika, na soko ilikuwa mbali. Mujukuu wangu akasema, «Koko, ntobo iko ku lupango, makala iko, basini iko. Siye wenyewe tufanye.» Tukafanya. Akachoma, moshi ikapanda, nikaweka kikwembe juu ya basini, njo nataka kuinama hivi, jirani akaita ati ndama yetu iliingia mu maharagi yake. Bandugu, munamujua ule jirani na maharagi yake. Tukakimbia wote wawili. Ndama ilikataa kutoka, tukaizunguka, tukaivuta na masikio, jirani anatukana mpaka ukoo ya ng'ombe. Saa tulirudi, mbegu iliisha kupasukapasuka, moshi iliisha. Mujukuu wangu akainua kikwembe ili amwange maji.

Akabaki ameinama tu.

Nikamuuliza ni nini. Nikakuya kuangalia. Mu maji tududu tulijaa. Tweupe, tudogo, tunaelea. Sawa tule twa ku soko. Hata twingi kuliko tule.

Njo mujukuu wangu akasema, pole pole, «Koko, hatu tulitoka ku kinywa ya nani?»

Nilikaa chini. Hapo hapo, mu majivu. Mie sikusoma, nilifika tu mwaka ya pili ya primere, shule ya musingi, lakini mbegu naijua, nalima tangu niko mutoto. Tukachukua kamoja ku kidole, tukakaangalia ku jua. Hakakuwa na kichwa. Hakakuwa na macho. Kalikuwa ni kale kenye kanaotaka mu mbegu, ule moyo yake mweupe, moto inapasua mbegu na kanarukia mu maji. Tulichoma tena, kinywa yetu wote wawili imefungwa kabisa. Tukatoka tena tududu. Na meno yangu yenye alitosha, yenye ilikuwa muzima, yenye haikuwa na kitu hata kidogo? Aliitosha juu ya nini?

Bandugu, sijawahi kuua muntu. Ile siku nilielewa vile inaanzaka.

Nilienda moja kwa moja kwa kijana yangu ku soko ya ng'ombe, mbele ya barafiki yake yote. Alikuwa ameshika ng'ombe moja mudomo, anaangalia meno. Nikamuambia, «Acha huyo. Kuya huku. Fungua kinywa ya mama yako sawa unafungulaka ya ng'ombe.» Akasema, «Mama, bantu banaangalia.» Nikasema njo maana nilikuya hapa. Nikafungua. Akaangalia. Aliangalia muda mingi. Mwanaume munene vile, akaanza kufuta macho na kofia. Nikamuambia, «Sema kama mu soko. Unaweza kuninunua?» Asubui yenye ilifuata tulipanda moto, tukashuka Sake, tukafika Goma.

Kule Goma balitupeleka kwa dokta wa meno, mama kijana, anaweza kuwa mujukuu yangu. Nilimukuta na kasirani yangu yote. Nikamuambia atoshe yote anipatie mapya leo. Alikataa. Akanikalisha ku kiti yenye inalala, akanipiga radio ya kinywa, ile picha inaonesha mizizi. Akanionesha ku ile picha na kidole: hii muzizi iko nguvu, hii iko nguvu, hii imeoza. Akaniambia, «Koko, jino yenye muzizi wake iko nguvu, siitoshe. Ukitosha yote, mufupa inapunguka, na ile ya kubandika itacheza mu kinywa. Tutajenga upya kinywa yote, lakini na ile nguzo yenye bado iko.»

Nikamuambia anieleze sawa anaelezea muntu hajasoma, na asiruke kitu. Na weye, mama, siku utaenda, sema vile vile. Usione haya. Kinywa ni yako.

Alinieleza. Kujenga kinywa yote si kutosha yote, ni kutengeneza juu na chini pamoja, ili meno ikutane muzuri na taya ipumzike. Haiko ya kila muntu. Mwingine shimo moja tu inazibwa, anaenda kwake. Mie nilikuwa nimeharibika pande zote, njo maana. Kwanza banatibu fizi, sababu nyumba haijengwi ku matope. Kisha banatosha ile mizizi imeoza. Ile yenye iko na nguvu banaisafisha ndani, banaivalisha kofia ngumu, jina yake kurone. Penye jino moja ilikosekana kati ya mawili yenye iko nguvu, banaweka kama daraja. Penye mingi ilikosekana banaweka aparei, meno ya bandia ya kuvaa na kutosha. Kuko pia visi, ile skrubu, banaingiza mu mufupa, jino inashikamana juu yake. Hiyo alisema kwangu mufupa ilipunguka sana, na ni lazima kwenda mbali, na kupasua, na kungojea. Hakunidanganya, hakuniuzisha. Alisema pia naweza kuacha yote na kuvaa aparei kamili tu, ni njia ingine, inafanya kazi kwa bantu bengi. Alinipa kuchagua. Bandugu, tangu nizaliwe, hakuna muntu alinipa kuchagua kitu juu ya mwili wangu. Nilianza kulia pale ku kiti, na ile taa yake inawaka mu kinywa.

Nikauliza ni siku ngapi. Akacheka. Akasema usihesabu siku, koko, hesabu miezi. Nikamuambia ndoa iko karibu. Akasema ndoa ingojee ao meno ya mupito, ya muda kidogo, isimame kwanza pale.

Haikuwa kazi ya kupendeza. Musiende kule na kufikiri ni kusuka nywele. Kinywa ilivimba. Nilikunywa mashanza, maziwa ya kuganda, na supu mpaka nikachukia ng'ombe. Barabara ilifungwa, nikakosa randevu, siku ya kuonana na dokta, ile meno ya mupito ikavunjika moja, nikangojea. Siku banapima vile meno inakutana, nauma ka karatasi ka rangi, dokta anaangalia, anapunguza kidogo, nauma tena, anapunguza, mpaka taya ilisema asante. Na mpaka leo kila siku nasugua, na aparei naitosha kama nalala, na kila mara narudi kuangalishwa. Haikuisha siku ile balimaliza kazi. Ni sawa ng'ombe, ukiinunua hujamaliza kuichunga.

Na ndoa ikafika mbele ya kazi kuisha. Nilisimama na meno ya mupito. Bakwe balikaa upande hii, siye upande hii. Mukono ikataka kupanda na kikwembe. Mujukuu wangu akaniangalia. Nikaiteremusha. Nikamusimulia. Nilisimulia vile alizaliwa siku mvua ya mawe ilivunja nyumba ya ndama, vile alikunywa maziwa ya ndama na ndama ikamupiga teke, vile aliiba fromaje na kuifichaka mu kofia ya babu yake mpaka babu akaivaa kanisani. Bantu balicheka mpaka balipigapiga mapaja. Walicheka hadisi, bandugu. Hadisi.

Lakini kati ya bakwe niliona mama moja wa Ntoto, shangazi ya bwana harusi. Anacheka na kikwembe ku kinywa. Nilijua ile mukono. Nikaenda kukaa pembeni yake, nikamuambia, «Dada, shusha nione.» Alikataa, kisha akashusha. Mbele ilikuwa wazi, na vidonda mupya. Nikamuuliza ni nani alimufanya vile. Akasema kwabo ku soko kulikuya bwana moja na koti nyeupe, anatoshaka tududu na moshi, ni muntu muzuri sana, na soko yenye inakuya atamutosha yote na kumubandikia kinywa muzima siku moja.

Ule bwana hakuonekana tena ku soko yetu tangu habari ya mbegu ilienea; njo kule alikimbiliaka. Nilifikiri alikufa. Nilikuwa natumaini.

Nilimuambia ule mama asiende. Nilimueleza mbegu, basini, ndama, yote. Aliniangalia na huruma, sawa unaangaliaka muzee. Akasema, «Lakini mama, niliona na macho yangu.» Na ile ni maneno yangu mwenyewe. Bandugu, hiyo njo kasirani yenye nilikuya nayo hapa leo. Haiko ya meno yangu tena.

Namushukuru Mungu. Namushukuru kijana yangu, ng'ombe yake mbili ilienda juu ya kinywa ya mama yake na hajalalamika, na sasa kila mwaka anaangalia kinywa ya bibi yake na batoto yake mbele ya kuangalia ya ng'ombe. Ule dokta, Mungu amubariki mikono. Bamama ya chorale, mulicheka, lakini ni ninyi mulikamua ng'ombe yangu siku zote nilikuwa Goma, na fromaje haikuharibika hata moja. Aksanti. Na hii njo nabaachia: mukifika ku nyumba, kila mutoto amufungulie mama yake kinywa. Ile yenye inauma, isingoje soko. Na muntu mwenye anakuambia atatosha ile ya muzima ili akupatie mupya, hata kama amevaa koti nyeupe, muulize itashika juu ya nini. Akisema ni siri, simama uende.

Siku mujukuu wangu alikuwa anapanda moto kwenda Ntoto, ule shangazi alisha panda moto ya mbele na kikwembe yake ku kinywa. Niliona binti anafunga mizigo yake, na kati ya masufuria kuko mbabula mudogo. Nikamuambia kule Walikale makala haikosi na mbabula haikosi, unabeba ya nini. Akafungua kamufuko ka ku kiuno, akanionesha: mbegu ya ntobo, alisha ikausha.

Akaniambia, «Koko, soko ya kwanza yenye nitafika, mbele ule mama hajainama, nitakaa pembeni ya ule bwana. Yeye na mbabula yake, mie na yangu. Yeye na basini, mie na yangu. Nitachoma mbele ya bantu bote. Na kinywa yangu nitaifunga kabisa.»